Sentensi ya Kumi

Mkunazini, Mji Mkongwe
20 Agosti 2023

Mwanangu Mwanapili,

Marahaba, kabla hujaniamkia, maana najua ndilo neno lako la kwanza. Mie mzima wa mwili. Kwa mwezi muandamo leo ni mwezi tatu, yaani siku ya tatu, ya mfungo tano. Mume wangu Kheir tulimzika mwezi tano wa mfungo nne, kwa hivyo hata mwezi mmoja wa eda sijautimiza na hizi kuta nshazichoka. Miezi minne na siku kumi sitoki mlango huu, sipaki wanja, sifukizi udi. Bi Biasha wa nyumba ya pili ananipikia na kuniletea maneno ya mtaa, na vyote viwili huvikoleza chumvi.

Simu nimeizima nikaitia kabatini. Kila aliyepiga alitaka nimsimulie marehemu alivyokata roho, kisha alie yeye, nimbembeleze mie. Basta.

Baba yako huja kila Ijumaa akitoka msikitini, halua mkononi. Huyo kaka yangu Abdulhakim hajapata kuniletea halua tangu tumezaliwa. Naila, lakini najiuliza.

Sasa la maana. Nimesikia unataka kutoka kwenye kufua mashuka uende mapokezi, na kwamba hoteli yenu itawahoji kwa Kiingereza mwezi wa Novemba. Mie nimesomesha Kiingereza miaka thelathini na moja, na nataka kazi kabla sijaanza kuzungumza na boriti za dari. Nakuletea daftari. Suhail, anayepeleka mboga za hoteli yenu kutoka Darajani kila Jumatatu na Alkhamisi, ndiye tarishi wetu. Mfuko nimeushona kwa uzi wa buluu. Ukiukuta umeshonwa kwa uzi mwengine, niambie upesi.

Somo la kwanza ni vile vitenzi vidogo vinavyotangulia vitenzi vikubwa kama mpambe na bibi harusi. "Can" ni uwezo. "May" ni ruhusa. "Should" ni nasaha, mtu anaweza kuiacha akaumia mwenyewe. "Must" ni lazima, haina mjadala. Nitungie sentensi kumi. Usinakili popote, nitajua tu.

Shangazi yako,
Thuwaiba


Kendwa
31 Agosti 2023

Shangazi yangu,

Shikamoo, japo ushaniitikia. Vipi moyo wako? Marehemu nilimuota juzi, amekaa kwenye kiti chake cha barazani anachambua karafuu, ananiuliza mbona hujaolewa. Nikaamka nacheka, kisha nikalia.

Uzi ulikuwa wa buluu, salama. Huku wageni wamejaa, mashuka hayeshi, mikono yangu imekuwa kama ya mvuvi. Bi Nadra, msimamizi wetu, kasema watakaochukuliwa mapokezi ni wawili tu, na tulioomba ni kumi na mmoja. Nahitaji mno masomo yako.

Sentensi kumi hizo ndani ya daftari. Zengine nimezitunga usingizi umenishika, usinicheke.

Baba alikuja huku wiki iliyopita. Hakukaa sana. Amekusalimu.

Mwanao,
Mwanapili


Mkunazini
10 Septemba 2023

Mwanapili mwanangu,

Nimepokea daftari, nimefurahi, na nimekupa saba juu ya kumi. Hongera. Bi Biasha anakusalimu, anasema ukipata mapokezi umtafutie mjukuu wake kazi. Mbegu haijachipua, mtu ashashika kikapu cha kuvunia.

Sasa nisikilize. "Ninaweza kuogelea", vizuri. "Unapaswa kulala mapema", vizuri, na wewe mwenyewe uisome hiyo. Lakini ya sita umeandika kwamba mkaaji lazima aondoe vyombo vyake. Ya saba, mwenye nyumba anaruhusiwa kuingia wakati wowote kupima vyumba. Ya nane, mkaaji hawezi kudai fidia. Mkaaji gani huyo, Mwanapili? Dobi wa Kendwa ana shughuli gani na fidia? Nilikwambia usinakili.

Nambie kweli, hebu. Kuna mwanamme kakupangishia chumba? Kama yupo mlete nimuone baada ya eda, sitamla. Kama ana mke kwao, usimlete.

Na hili jengine. Baba yako ana gauti, kutoka kitandani hadi chooni anamwita Mungu. Huyo kafika Kendwa, na wewe umeniandikia maneno mawili tu, "hakukaa sana". Kafuata nini?

Ijumaa iliyopita alikuja hapa na mtu, ati fundi wa kutengeneza paa. Mie nilikuwa nyuma ya pazia, kizuka, mjane aliye edani, hakai na wanaume. Nilimuona kwa upenyo. Fundi gani anavaa viatu vyeupe? Alipiga picha boriti, akapiga picha mlango, akahesabu vyumba kwa kidole. Nikamuuliza kaka, paa lina nini? Akasema, "Wewe pumzika dada, mambo ya nje niachie mie." Hilo neno la "pumzika" naliogopa. Mwaka jana, nilipokuwa nalala hospitali na Kheir, alinambia vivyo hivyo, nikamuandikia uwakala wa nyumba hii ya baba yetu, ashughulikie maji na umeme. Mpaka leo sijaona hata bomba jipya.

Siku ya mapumziko yako njoo, tukae. Nataka nikuone uso.

Shangazi yako,
Thuwaiba


Kendwa
1 Oktoba 2023

Shangazi,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa, usinihesabu kuwa nimekudharau. Maulidi yalitukuta kazini, hatukusikia hata kasida moja ila kwenye simu ya mpishi. Nakuombea kheri ya mfungo sita. Afya yangu nzuri, kikohozi kimeniacha.

Mwanamme hakuna. Wallahi hakuna. Ningempata wapi, ndani ya mashine ya kufulia? Sentensi zile niliziokota kwenye makaratasi ya hoteli, yako mengi huku, ya vyumba na wageni. Ulisema nisinakili, nimekosa.

Baba alikuja kununua samaki.

Kuja mjini siwezi kwa sasa. Bi Nadra katufungia mapumziko mpaka msimu upungue.

Zoezi la pili limo ndani ya daftari, na nna swali la somo. Kile kitenzi cha "shall" hukunifundisha. Kina nguvu kama "must"? Kama kimeandikwa kwenye karatasi, na mtu aliyetajwa hajui kama katajwa, anaweza kukataa? Nauliza kwa ajili ya mtihani.

Mwanao,
Mwanapili


Mkunazini
9 Oktoba 2023

Mwanapili,

Mie mzima, na wewe nimefurahi kikohozi kimekwisha. Paka wa Bi Biasha kazaa kwenye ngazi zangu, wanne, mmoja kilema. Hizo ndizo habari za ukoo kwa wiki hii.

Samaki! Mtu wa Tunguu anaacha soko la mjini, anaacha soko la Mwanakwerekwe, anakwenda na gauti lake hadi Kendwa kununua samaki. Khaa! Alikuwa samaki gani, Mwanapili, nguva? Mimi nimekaa mbele ya watoto arobaini kwa darasa, miaka thelathini na moja, najua mtoto anavyotazama dari anaposema uongo. Na barua ina dari yake.

"Shall" ni lugha ya mawakili na mikataba. Watu wa kawaida hawasemi hivyo. Uliitumia katika zoezi la pili, ukaandika kwamba mkaaji wa sasa atahama ndani ya siku thelathini. Nimeikata kwa wino mwekundu, nimeandika "will" juu yake. Na ukiniuliza kama aliyetajwa anaweza kukataa, nitakuuliza: nani katajwa?

Haya, somo jipya, sentensi za sharti. Hizi Mswahili hazimpi tabu maana anazo mdomoni. Ikinyesha, nitabaki: jambo linawezekana. Ingenyesha, ningebaki: unaota tu. Ingalinyesha, ningalibaki: imeshapita, unajutia. Ajabu ya Waingereza, wakitaka kuota jambo la leo hulivalisha nguo za jana. Lakini utaizoea, hata sie tulizoea suruali.

Nimekuandikia vianzio kumi kwa Kiswahili. Uvimalize, kisha uvitie kwa Kiingereza. "Mgeni akipoteza ufunguo…" "Ningekuwa na mabawa…" "Ungalisoma utotoni…" na kadhalika. Cha kumi ni hiki: "Baba akinitaka nimfiche shangazi jambo, mimi…"

Chukua muda wako.

Thuwaiba


Kendwa
29 Oktoba 2023

Shangazi,

Shikamoo. Mvua za vuli zimeanza na ghadhabu, barabara imekatika, Suhail safari tatu hakuonekana na tulikula wali kavu. Mashuka hayakauki. Natumai paa halivuji hapo kwako.

Zoezi limo ndani. Nimejitahidi.

Na mie nna langu, Shangazi, nalo limenikaa kooni kama mwiba wa changu. Baba kanipigia simu. Kasema, "Naona unasoma na shangazi yako. Chunga kalamu yako." Kajuaje? Mie sikumwambia, Suhail hamjui. Uzi wa buluu mimi nautazama kila mara, na wewe unautazama, basi mfuko haufunguliwi njiani. Ni wewe unayemuonesha? Nikikuandikia, nakuandikia wewe peke yako au nawaandikia nyinyi wawili kwenye mkeka mmoja, na sahani ya halua kati yenu?

Niambie, ili nijue vipi niandike.

Mwanapili


Mkunazini
5 Novemba 2023

Mwanapili,

Mie mzima. Paa linavuja mahali pamoja tu, juu ya kitanda cha marehemu, nimeweka beseni.

Daftari lako baba yako alilikuta juu ya mkeka. Nilimwambia kwa majivuno, mwanao anasoma, angalia. Akalifungua, akageuza kurasa mbili, akalirudisha. Kiingereza hakijui, baba yako, alitoroka skuli akaenda kucheza gozi. Huo ndio uhaini wangu wote. Nami wa kutiliwa shaka nimekuwa mie!

Sasa wewe. Umejaza tisa, tena vizuri. Cha kumi umekiacha cheupe. Hukuandika hata neno baya, hata uongo, ambao ungeniumiza kidogo zaidi kuliko huo weupe. Mwenye macho haambiwi tazama. Kaka yangu anapima nyumba, mwanawe anasoma maneno ya kuhamisha watu, na mie niliyekaa eda hapa ndiye ninayewatafsiria kisu kitakachonichinja. Nimekufundisha "must" na "shall" mwenyewe, kwa wino wangu!

Nimekupa nne juu ya kumi, na daftari nalizuia. Masomo yamekwisha. Mtihani wako Mungu akufungulie, sikuombei baya, we mtoto wa kaka yangu na nilikuogesha ulipozaliwa. Lakini usiniandikie mpaka uwe na la kuniambia.

Thuwaiba binti Mzee Ubwa, mkaaji


Kendwa
23 Novemba 2023

Shangazi,

Shikamoo. Sikuwa na ruhusa yako ya kuandika na nimeandika. Mtihani nimeufanya, majibu bado. Lakini sikuandika kwa ajili ya mtihani.

Yako mambo mtu akishaapa kwa Msahafu, mkono juu ya jalada, mbele ya mzazi aliyemwambia radhi zangu ziko hapa, hayatoki tena mdomoni. Mimi sina la kukuambia. Narudia, sina, na Mungu shahidi kwamba sijakuambia kitu.

Ila nilikuwa mwanafunzi wako, na mwanafunzi ana haki ya kuleta zoezi. Daftari unalo wewe, kwa hivyo nimetumia karatasi ya bahasha za nguo za wageni. Nimetunga sentensi, na pembeni nimeweka Kiswahili chake ili ujue nilichokusudia. Ni sentensi tu, watu waliomo hawana majina.

Mtu akimpa kaka yake uwakala wa nyumba, kaka anaweza kuikodisha nyumba nzima kwa miaka thelathini na tatu bila ya kumuuliza.

Ikitiwa saini Alkhamisi tarehe thelathini, saa tatu za asubuhi, katika ofisi ya wakili iliyo Vuga, juu ya duka la miwani, mkaaji atahama ndani ya siku thelathini.

Uwakala unaweza kufutwa, lakini lazima aliyeutoa afike mwenyewe.

Mwanamke huyo angemaliza eda kabla ya tarehe nne Disemba, angewahi. Lakini tarehe imehesabiwa kwenye simu, mara mbili, na siku ya saini imechaguliwa kwa hesabu hiyo.

Kama nisingaliapa, ningalikuja kwa miguu kutoka Kendwa.

Naomba uzisahihishe kabla ya Alkhamisi. Nakuomba, Shangazi. Hata ukinipa sifuri.

Mwanapili


Mkunazini
2 Disemba 2023

Mwanangu, mwanangu Mwanapili,

Marahaba, marahaba mara elfu. Nimeandika salamu mara tatu na mara tatu wino umelowa machozi, basi niache nianze hivi hivi.

Karatasi yako ilinifikia Jumatatu. Niliisoma nimesimama. Nikaisoma tena nimekaa. Nikafika pale pa tarehe nne Disemba, nikacheka peke yangu chumbani mpaka Bi Biasha akaja mbio akidhani nimerukwa na akili.

Abdulhakim kahesabu eda kwa simu! Mtoto wa Mzee Ubwa, aliyelelewa kwenye nyumba ambayo kila mwezi ulipoandama baba alipanda juu kuutazama, kachukua tarehe ishirini na nne Julai, siku aliyofariki Kheir, kajumlisha miezi minne ya Kizungu, mingi yake ya siku thelathini na moja, na kumi juu yake. Eda haihesabiwi kwa Julai, mwanangu, huhesabiwa kwa mwezi muandamo, wa siku ishirini na tisa au thelathini. Mume wangu alikufa mwezi tano, mfungo nne. Miezi minne ni mwezi tano, mfungo nane. Ongeza kumi, mwezi kumi na tano. Na mwezi kumi na tano ulikuwa Jumatano, tarehe ishirini na tisa Novemba, siku moja kabla ya hiyo saini yake. Kila muandamo nimeutazama kwa dirisha la juu na nikautilia alama ya chaki nyuma ya mlango. Hata wewe hukujua, mwanangu, mmezoea simu nyote.

Bi Biasha aliniambia kizuka mwenye dharura anaruhusiwa kutoka mchana, niende kesho yake, Jumanne, nikaufute uwakala. Nikamwambia la. Kheir nitamtimizia haki yake mpaka dakika ya mwisho, na kaka yangu hatapata hata neno moja la kunisema.

Jumatano magharibi nilioga nikatoka eda. Nikafukiza udi, nikatia wanja. Alkhamisi saa mbili na nusu niko njiani na buibui langu jipya, Bi Biasha nyuma yangu kama askari. Jua la nje lilinipiga usoni nikajiona mgeni wa mji wangu.

Tulipanda ngazi za juu ya duka la miwani. Niliwakuta wamekaa: wakili, yule bwana wa viatu vyeupe, na kaka yangu ana kalamu mkononi. Aliponiona alisimama kama aliyeona maiti. Neno lake la kwanza, Mwanapili, halikuwa salamu. Alisema, "Hujatoka eda wewe! Umebakisha siku nne!"

Nikamwambia, "Kwa kalenda ya nani, kaka?"

Nikauomba mkataba. Wakili, kijana mwenye adabu, akanipa. Nikavaa miwani.

Mwanangu, nilikuwa nasoma daftari lako. Mkaaji lazima aondoe vyombo vyake. Mwenye nyumba anaruhusiwa kuingia kupima vyumba. Mkaaji hawezi kudai fidia. Ukurasa wa tatu, pale pale, mkaaji wa sasa atahama ndani ya siku thelathini, na ile "shall" niliyoikata kwa wino mwekundu nikaandika juu yake ati watu hawasemi hivyo. Tangu mwezi wa Agosti ulikuwa ukinionesha, na mie nasahihisha tahajia! Kumbe ndicho alichokifuata Kendwa na gauti lake, umsomee Kiingereza asichokijua. Nilikutukana uhaini, nikakunyima daftari, nikakupa nne juu ya kumi. Nilikaa pale mbele ya wanaume wageni, machozi yananitoka, na wao wakadhani nalilia nyumba.

Uwakala nimeufuta kwa mkono wangu, na wakili ameshuhudia. Yule bwana wa viatu alikasirika, akasema kadanganywa, kaambiwa mwenye nyumba ni mmoja. Akaondoka. Tukabaki mie na kaka.

Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Nani kakwambia?"

Nikamtazama vizuri. Kazeeka, Mwanapili. Alitaka kunipa chumba cha uani huko kwake Tunguu, kasema, na feni mpya. Nafikiri kweli aliona ananifanyia wema, ila wema wake mwenyewe aliuonea haya mpaka akauficha. Nikamwambia, "Mwezi ndio ulionambia, kaka. Nimeutazama kwa macho yangu." Na huo si uongo. Hakuuliza tena, na jina lako halikutajwa.

Jana ilikuwa Ijumaa. Hakuja. Bi Biasha aliweka maji ya kahawa kwa mazoea, tukayanywa sisi. Niseme kweli, nilisikiliza ngazi mpaka alasiri. Ni kaka yangu, sina mwengine.

Daftari nimelitia ndani ya mfuko, uzi wa buluu. Ile nne nimeifuta, ukurasa umetoboka kwa kufuta. Sikuandika alama nyengine, sijui mtu anapewa ngapi kwa haya. Nilikutilia shaka wewe kwanza, kabla ya yeyote. Nisamehe. Ningalikusoma kwa moyo kama nilivyokusoma kwa kalamu, ningalijua mwezi wa Septemba.

Cha kumi bado kiko cheupe. Usikijaze kama kiapo kinakuzuia. Mie nshajibiwa.

Shangazi yako, aliyeko nyumbani kwake,
Thuwaiba


Kendwa
10 Disemba 2023

Shangazi yangu,

Shikamoo. Uzi ulikuwa wa buluu. Nimelia na wewe, kisha nimecheka na wewe pale pa kalenda, mpaka Bi Nadra akaniuliza kulikoni.

Wawili waliochukuliwa mapokezi, mmoja ni mimi. Naanza Januari. Waliniuliza ningefanya nini mgeni akikasirika, nikajibu kwa sentensi yenye sharti, ndefu, bila ya kukwama. Mzungu mmoja akauliza nimesoma wapi. Nikasema Mkunazini.

Baba kanipigia. Hakuniuliza chochote. Aliuliza tu kama kweli eda huhesabiwa kwa mwezi muandamo, nikamwambia muulize shangazi, yeye ndiye mwalimu. Kisha akasema pengine atapita Ijumaa. Kama atakuja na halua, Shangazi, naomba uile.

Mimi bado sijasema kitu, na sitasema. Kiapo changu kizima. Ila zoezi lisilomalizika ni aibu kwa mwanafunzi, kwa hivyo nimelimaliza. Limo ukurasa ule uliotoboka, chini kabisa. Nakuandikia na hapa, ili usihangaike na miwani:

"Baba akinitaka nimfiche shangazi jambo, mimi nitafanya zoezi langu la Kiingereza."

Mwanafunzi wako,
Mwanapili